Makisio ya vifaa: "vyumba vitatu" si kipimo, pima tofali lako kwanza

Mkuu, umesema fundi kakuandikia tofali za kuchoma 4,000 na saruji mifuko 120 kwa nyumba ya vyumba vitatu pale Ipuli, unataka kujua kama anakupiga. Kwa karatasi hiyo tu hakuna wa kukujibu. Kuna vyumba vitatu vya mita 3 kwa 3, na kuna vyumba vitatu vya mheshimiwa. Toa ramani.

Msingi hauna shida. Fuata mstari wa katikati ya ukuta, usipime kwa nje, maana pembe utazihesabu mara mbili. Tuseme nyumba ni mita 10 kwa 8 kwa nje, ukuta sentimita 12: mzunguko wa katikati ni mita 35.5. Ongeza kuta za ndani, tuseme mita 22. Kila ukuta unapogota kwenye mwingine, punguza nusu ya upana wa mtaro. Mtaro wa upana wa sentimita 60 wenye sehemu 8 za kugota hivyo unapungua mita 2.4. Unabaki na mita 55. Zege la unene wa sentimita 15 hapo ni kama mita za ujazo 5. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), mita moja ya ujazo inakula mifuko 6.3 ya saruji ya kilo 50, kwa hiyo mifuko 32, mchanga mita za ujazo 2.2, kokoto 4.4.

Kazi ipo kwenye tofali. Majedwali mengi yanayozunguka mitandaoni ni ya bloku za saruji za inchi 18 kwa 9. Tofali zetu za kuchoma kila tanuri lina kibao chake cha kufyatulia, na udongo nao unasinyaa ukikauka na kuchomwa. Nenda tanurini na futikamba, panga tofali 10 kichwa kwa kichwa, pima, gawa kwa 10. Kimo nacho hivyo hivyo. Kwenye urefu na kimo, ongeza sentimita 1.5 ya udongo au saruji ya kuungia. Tofali la urefu sentimita 22 na kimo 7 linakupa tofali 50 kwa mita ya mraba, ukuta wa tofali moja kwa unene. Tofali la 25 kwa 9 linakupa 36. Nyumba yetu ya mfano, kuta za mita 3, ukishatoa milango na madirisha inabaki kama mita za mraba 150: tofali 7,500 au 5,400, kabla ya zinazovunjika njiani (mimi huongeza asilimia 10, barabara za matanurini mnazijua). Kwa nyumba ya ukubwa huo, 4,000 ya fundi wako haitoshi kwa tanuri lolote kati ya hayo.

Na usikimbilie tofali la bei chee. Lililopinda linakulia saruji kwenye lipu. Kwa mchanganyiko wa 1:4 (saruji moja, mchanga nne), ukuta ulionyooka unapigwa lipu ya milimita 15 na mfuko mmoja unafunika kama mita za mraba 9. Ukuta wenye mawimbi unadai milimita 25, na mfuko uleule unaishia mita za mraba 5 na kidogo. Kwa mita za mraba 200 hiyo ni mifuko 22 dhidi ya 37. Kile ulichookoa tanurini kinarudi dukani.

Mchanga usinunue kwa neno "tripu". Pima bodi ya gari urefu, upana na kimo cha mzigo kabla halijamwaga. Mchanga wenye unyevunyevu unavimba, kwa hiyo tipa ya masika ina mchanga pungufu kuliko ya kiangazi hata ikionekana imejaa.

Nondo ni rahisi: kipenyo kwa milimita, zidisha chenyewe kwa chenyewe, gawa kwa 162, unapata kilo kwa mita. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ni kilo 10.7 hivi. Dukani ipandishwe kwenye mzani.

Hujasema kama ukuta wako ni tofali moja kwa unene au mbili, na kama fundi anaungia kwa udongo au saruji. Hayo mawili yanabadilisha ile mifuko 120 kabisa. Weka hapa pamoja na vipimo vya ramani, tupige hesabu.