Barua kwa mwanangu: kuhusu Babu Keya na ile meli

Mwanangu,

Meseji yako ya juzi usiku nimeipata pamoja na zile skrinshoti, nimezisoma mwenyewe halafu nikampigia mamako mdogo tukazisoma tena wote kwenye simu mpaka salio likaisha. Umeniuliza kitu kimoja, kwamba kwa hayo uliyoyakuta, Babu Keya, babu yangu mzaa mama aliyezama na meli ya askari mwaka 1944, aliuliwa na Mjapani au na Waingereza wenyewe waliokuwa wanamlinda, manake ile manowari ya Kiingereza ilitupa mabomu majini na watu bado wanaelea, na unataka kujua mama naona vipi kabla hujawaandikia hao watu wa makaburi ya vita wanaotunza majina ya waliokufa.

Nitakujibu. Ila we unauliza nani alimuua, na mimi miaka yote hii kinachonikaa kooni siyo nani alimuua, ni yale aliyosingiziwa baada ya kufa. Hilo hujaniuliza lakini ndo nalotaka ulijue, manake ulikuwa mdogo sana bibi alipofariki na hizi habari hakuzizungumza mbele ya watoto.

Nilikuwa darasa la pili au la tatu hivi, nakaa kwa bibi Pangani, nyumba ileile unayoijua. Bibi alikuwa anachoma vitumbua barazani kila asubuhi, ndo vilivyomlea mama yangu na ndo vilivyonisomesha mimi. Sasa asubuhi moja watu wamejaa wanasubiri, akaja mzee mmoja wa ukoo, upande wa kwao Babu, simtaji, kashatangulia mbele ya haki na wajukuu zake tunasalimiana vizuri tu. Akasema kwa sauti, we unamsomea mumeo khitma kila mwaka na mwenzio yuko Rangoon, kaoa, ana watoto wenye nywele za singa. Watu wakacheka. Bibi akaendelea kugeuza vitumbua na kile kijiti chake, kimoja kimoja, kuzunguka chuma chote, hakikuungua hata kimoja, akamfungia yule mzee vyake kwenye gazeti akampa na chenji yake. Hakumjibu neno. Ila tangu siku ile khitma ya Babu Keya haikusomwa tena barazani, ilisomwa chumbani mlango umefungwa, sisi wa mle ndani na mwalimu wa chuo, basi, kama vile tunafanya jambo la aibu.

Hiyo ndo inaniuma mpaka leo. Mwanamke alikaa eda na mimba ya mama tumboni, hakuolewa tena, na waliomtaka walikuwepo, halafu anaambiwa mbele ya wateja wake kwamba kaachwa.

Na maneno yale hayakutoka hewani, usije ukadhani yule mzee aliyatunga peke yake. Habari iliyokuja kupitia kwa Bwana DC karani aliisoma akasema meli imezama, mtu wenu hajaonekana. Hapakutajwa bahari gani wala tarehe, na maiti haikuja. Halafu 1945 na 1946 wale waliopona Burma wakarudi na hadithi zao, fulani alipata mwanamke kule, fulani alibaki, na mji ukishakuwa na hadithi hizo na kuna mtu hajaonekana unajua yatakayosemwa. Watanganyika waliochukuliwa vita ile ni zaidi ya 80,000, kila kijiji kilikuwa na mtu wake na kila kijiji kilikuwa na uvumi wake.

Sasa wewe ndo umeniletea kitu ambacho bibi hakukipata maisha yake yote. Kwamba meli ilikuwa Khedive Ismail, iliondoka Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944 kwenye msafara wa meli tano za askari kwenda Colombo, na kwamba tarehe 12, Jumamosi mchana, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga topido mbili na ikazama ndani ya dakika kama mbili. Dakika mbili mwanangu! Walikuwemo watu 1,511 wakafa 1,297. Na 996 kati ya waliokuwemo ni wa kikosi cha mizinga, kile cha namba 301 cha Afrika Mashariki, na bibi siku zote alisema mume wake ni wa mizinga, tulidhani anajisifia tu.

Yaani hakufika hata Colombo, seuze Rangoon. Na Rangoon yenyewe wakati huo ilikuwa mikononi mwa Mjapani tangu 1942, Waingereza hawakuirudisha mpaka Mei 1945, sasa huyo mke angemuolea wapi? Nilimwambia mamako mdogo hivyohivyo akanyamaza, halafu akalia, nami nikalia.

Hesabu yenyewe inakubali. Bibi alisema alikuja likizo Idi Kubwa, na Idi Kubwa ile ilikuwa Desemba 1943, akarudi kwa treni ya Tanga kupitia Moshi mpaka Voi, alimwachia doti mbili za kanga na kumwambia mtoto akizaliwa wa kike apewe jina la mama yake. Mama kazaliwa katikati ya 1944. Kwa hiyo yale majina mawili uliyoyakuta kwenye kumbukumbu, moja limeandikwa sawasawa lakini tarehe yake ni ya 1942, na lingine lina R pale ambapo sisi tuna L lakini tarehe yake ni 12 Februari 1944, mi nasema wetu ni huyo wa R. Mtu hawezi kufa 1942 akaja kula Idi 1943. Karani aliyekuwa anaandikisha aliandika alivyosikia, na Babu kusoma kwake kulikuwa kwa herufi za Kiarabu, asingeliona hilo kosa hata angeonyeshwa.

Waombe walisahihishe. Mtu asiye na kaburi kabakiwa na jina tu, na jina liandikwe sawasawa. Nimewaambieni hili tangu wadogo mkaona mama anapenda kugombana na makarani, lakini sababu ndo hiyo.

Haya, swali lako.

Nimelifikiria sana. Nyambizi ilijificha chini, palepale walipo watu wanaoelea, na ile manowari nyingine, Paladin, ilikuwa imeshaanza kuwaokoa. Kapteni wa Petard, ile manowari uliyoniuliza, akatupa mabomu ya kina, yale yanayolipuka chini ya maji. Wale waliokuwa majini wanadhani wameshapona, wakafa. Ukinisomea hivyo mimi nasema huyo ni muuaji, sina haja ya kusikia zaidi. Kisha nakumbuka zilikuwepo meli nyingine nne zimejaa watu, na mle pia walikuwemo watoto wa watu, wa Kitui, wa Songea, sijui wa wapi, nao wana mama zao. Angeiacha nyambizi ile ipumue ingezamisha ya pili. Hapo nasema alifanya lililobidi. Halafu usiku nalala nasema hapana, kama wale majini wangekuwa watoto wake angetupa? Pengine angetupa. Na humo majini walikuwemo Waingereza wenzake pia, hakuchagua rangi, hilo lazima tuliseme kwa haki. Wanawake 77 walikufa siku ile, wengi wao manesi. Mimi niliyevaa gauni la unesi miaka yangu yote ya kazi nikifika hapo huwa nashindwa kuendelea, manake najua zamu inavyokuwa, umeshapanga vitu vyako kichwani, wodi utakayoikuta huko uendako, na hufiki.

Mamako mdogo anasema wengi wa askari walikuwa chini ndani ya meli, na kwa dakika mbili Babu asingewahi hata ngazi, kwa hiyo hayo mabomu hayamhusu. Labda. Nataka kuamini hivyo, naona ni afadhali. Lakini waliopona ni 214, na waliotoka wakafia majini hatuna idadi yao, sasa siwezi kukuambia Babu alikuwa wapi na wala wewe huwezi, hata ukae kwenye hizo kumbukumbu mwaka mzima. Nina langu moyoni kuhusu huyo kapteni, na kwa kweli ulimi unaniwasha, lakini nisikuandikie. Nikiandika litakuwa msimamo wa ukoo, na sitaki wajukuu zangu wamchukie mtu kwa jambo ambalo mimi mwenyewe nalipindua kila usiku. Mjapani ndiye aliyepiga topido, hilo halina ubishi, na nyambizi yake nayo ilizamishwa siku ileile na karibu wote waliokuwemo.

Lililo wazi kwangu ni kwamba aliyekufa kwa kuzama ni shahidi, dini imesema. Bibi alilijua hilo kuliko sisi sote. Alichokosa ni karatasi ya kuwaonyesha watu.

Kwa hiyo barua yako kwa hao watu usiweke swali la nani alaumiwe. Andika habari ya jina tu. Waeleze herufi, waeleze tarehe, nitakutumia picha ya cheti cha ndoa cha kadhi, kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu lakini jina la baba yake linasomeka vizuri, mwalimu wa madrasa atakutafsiria na kuweka saini. Cha asili sikitoi humu ndani hata uniombe vipi, mchwa wameshakula pembe moja.

Halafu Jumapili usipokwenda kazini nenda pale Ngong Road, makaburi ya vita, kuna ule ukuta wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki wenye majina ya wasio na makaburi. Usiende na marafiki, nenda na mkeo. Mtafute huyo wa R. Ukimpata soma Fatiha, kwa sauti, siyo moyoni, halafu piga picha ya karibu herufi zionekane, na nyingine ya mbali watu waone ni mahali gani.

Usinitumie mimi peke yangu. Zirushe kwenye grupu la ukoo, pamoja na ile habari ya meli yote na tarehe yake. Wajukuu wa yule mzee nao wamo mle.

Nisalimie mkweo na watoto.

Mama yako