Msumeno wa Meza wa Zamani: Usome Kabla ya Kuupiga Msasa

Ukisikia kuna msumeno wa meza wa zamani umelala nyuma ya karakana ya mtu, nenda na tochi, brashi laini, kitambaa na mafuta ya taa. Msasa uache nyumbani. Nimeona hapa Lamu mashine nzuri zikikwanguliwa na kupakwa rangi mpya ili zipate mnunuzi upesi, na alama zote za asili yake zikafutika. Isitoshe, rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu.

Mashine hizi ni nadra kutangazwa. Mimi huwauliza mafundi wazee, hasa waliowahi kufanya kazi Malindi na Mombasa. Wao hukumbuka mashine ilipo hata kama mwenyewe ameshaisahau.

Wengi hukimbilia kibao cha jina. Kibao hung'oka, na pengine kimetolewa kwenye mashine nyingine, kwa hiyo mimi huanza na chuma chenyewe. Tazama kama kuna jina la kiwanda au la mji lililosubiwa pamoja na mwili wa mashine. Kwa za Uingereza, majina makubwa ni kama Wadkin ya Leicester, iliyoanzishwa 1897, na Thomas Robinson & Son ya Rochdale, iliyoanza 1838. Kwenye misumeno ya Wadkin, kagua ukingo wa meza, maana herufi za modeli na namba hugongwa pale. Mmoja nilioukagua ulikuwa umezibwa na kutu na gundi kavu. Nililowesha kitambaa mafuta ya taa, nikakilaza juu ya ukingo hadi uchafu ukalainika, kisha nikamulika tochi kutoka ubavuni, si kutoka juu. Tarakimu zikajitokeza moja moja kwa vivuli vyake.

Halafu jaribu nati. Spana za milimita zikikataa kukaa sawasawa, huenda nati ni za inchi. Uingereza ilianza kuhamia vipimo vya metriki (milimita na mita) mwaka 1965, kwa hiyo nati za inchi ni dalili ya umri, ingawa si ushahidi kamili. Shafti inayobeba bledi nayo ina habari zake: ikiwa inazunguka ndani ya metali nyeupe (mchanganyiko laini wa metali) iliyomiminwa, na juu kuna vikombe vya mafuta, inaelekea ni ya zamani kuliko yenye beringi za gololi.

Mota isikudanganye, kwani hubadilishwa mara nyingi. Ila soma kibao chake kwa makini. Mota ya Marekani ya 60 Hz itazunguka polepole zaidi kwa umeme wetu wa 50 Hz. Ikiwa ni ya fezi tatu, na kwako una fezi moja tu, hesabu gharama ya kubadilisha mota au umeme kabla ya kupatana bei.

Kitu ambacho mimi sikubali kabisa ni ufa kwenye meza au kwenye kishikio cha shafti. Kutu huondoka, beringi hununuliwa, lakini chuma cha kusubu kilichopasuka ni kazi ngumu kukichomelea, na bledi inayozunguka kwa kasi haisamehi.

Ukiinunua bara na unaivusha kuja Lamu kutoka gati la Mokowe, ifungue vipande vipande kwanza: toa bledi, mota, kisha meza. Piga picha kila hatua. Usifunge kamba ya kuinulia kwenye meza, maana chuma hicho hakipindi, hukatika. Chini ya meza unaweza kukuta vipande vyembamba vya bati. Viweke kwenye mfuko na uandike kila kimoja kimetoka kona gani, kwa sababu ndivyo vilivyoilinganisha meza na bledi.