Beringi Niliyotoka Nayo Getini

Kamwene, wasomaji wangu. Wiki iliyopita grinda yangu ndogo ilitoweka karakana. Nina vijana watatu hapa Mafinga. Nilipowauliza, kila mmoja akainamia sakafu. Kesho yake mnunuzi mmoja wa skrapa akanipigia simu: "Fundi, nimeletewa grinda ina rangi ya kijani kwenye mshikio. Si ya kwako hii?" Ni yangu. Rangi ile niliipaka mwenyewe.

Jioni, bado nimefura, ukaingia ujumbe wa msomaji wa Makambako: "Kaka, kiwandani kwetu kila mtu hutoka na kitu, maana mshahara hautoshi. Mbuzi si hula kwa urefu wa kamba yake?"

Nilicheka peke yangu. Msemo huo niliishi nao miaka sita.

Nilikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha chai huko Mufindi, jina nakihifadhi. Nilianza na nati. Nati unaisahau kwenye mfuko wa ovaroli, unafika nayo nyumbani, nani atakushtaki? Ikafuata spana ya 17. Halafu grisi ndani ya hotipoti, kwa sababu mlinzi alipekua mabegi lakini chakula cha mtu aliona haya kukifunua. Mwisho beringi, ile ringi ya chuma yenye gololi inayofanya mhimili wa mashine uzunguke. Namba 6206, tundu milimita 30, ilikuwa inatafutwa sana na wenye mashine za kusaga mtaani, na stoo yetu ilikuwa nazo. Mteja hakuuliza nimeitoa wapi. Hela ilikwenda kwenye ada ya shule na, nisijifanye mtakatifu, kwenye ulanzi.

Mwezi wa tatu, mvua na msimu vimechanganya, majani yanaingia hadi usiku. Mota ya feni inayopuliza hewa kwenye kitanda kimoja cha kunyaushia majani ikaanza kulia, ikanyamaza: beringi imekufa. Anayeijua chai anajua: jani lililochumwa bado linapumua, na likirundikwa bila hewa linapata joto na kuwa jekundu kabla halijafika kwenye mashine za kukata. Mtunza stoo akafungua daftari: 6206, mbili. Akaenda kwenye rafu. Hakuna.

Alirudi ananitazama, mimi naitazama feni.

Majani yale yalikuwa ya wakulima wadogo, watu waliokuwa shambani tangu alfajiri kwenye ule ukungu wetu. Na aliyesimamishwa kazi hakuwa mimi. Alikuwa yule mzee wa stoo, aliyezoea kuniita mwanangu. Sikufungua mdomo. Baadaye alirudishwa, lakini radhi sijamwomba mpaka leo, na kwake ni mwendo wa bodaboda tu.

Mimi nilinaswa baadaye, kwa kitu kingine kabisa. Nikapewa taarifa ya kikao cha nidhamu saa 48 kabla, kama kanuni za kazi za 2007 zinavyotaka, na ruhusa ya kuja na mwenzangu wa kunisemea. Nikatoka sina kazi. Jamaa wakanihimiza niwahi kulalamika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, kabla siku 30 hazijaisha. Niende nikaseme nini?

Sasa wewe wa Makambako. Usitoke na kitu. Mshahara ni mdogo, sibishi, na waajiri wengine wanatufanya wajinga kweli kweli; lakini hilo lipelekeni kupitia chama cha wafanyakazi, maana spana haijawahi kumpandishia mtu mshahara. Ukihitaji chakavu, omba kwa maandishi. Kwetu ilikuwepo karatasi ya kutolea mali getini, na niliona kwa macho yangu mwenzetu akiuziwa mota iliyoungua kwa bei ya skrapa. Mimi kuomba niliona ni ushamba. Narudia, usitoke na kitu! Vijana mnataka karakana iliyojaa kabla hamjajifunza kusubiri. Hii yangu nimeijaza baada ya kufukuzwa, kifaa kimoja kimoja, na risiti zote ninazo.

Isipokuwa ya spana ya 17. Ipo ukutani, inafanya kazi kila siku.

Kijana wa grinda sijamfukuza bado. Nimemwambia aje Jumatatu tuzungumze, na akitaka aje na mtu wa kumsemea.