Usipeleke hilo jedwali la zamu kwa mpelelezi

Ndugu mleta uzi, hilo jedwali usilipeleke. Umeandika kwamba muuguzi mwenzako anashikiliwa kwa tuhuma za kuua wagonjwa, kwamba umeitwa kutoa maelezo, na kwamba umekwisha kuandaa jedwali linaloonyesha alikuwa zamu katika kila kifo cha kutia shaka. Sasa unauliza mahakama inapimaje ushahidi wa namna hiyo, kama uende na wakili, maelezo yaandikwe kwa lugha gani, na nauli italipwa na nani. Nilipofika kwenye neno "jedwali" nilishindwa kuendelea kusoma kwa utulivu, kwa sababu jedwali la aina hiyo nimewahi kulichora mwenyewe, kwa rula na kalamu za rangi mbili, na lilimgharimu mtu kazi yake.

Mambo yangu hayakufika mahakamani. Yaliishia kwenye kamati ya uchunguzi ya hospitali ambayo sitaitaja, nikiwa mkuu wa zamu katika wodi ambayo vifo vilikuwa vimeongezeka. Kamati iliniomba niorodheshe vifo "visivyoeleweka," na ombi hilo lilikuja likiwa limetanguliwa na jina la dada mmoja ambaye tayari alikuwa akinong'onwa korido nzima. Nikaketi na daftari la makabidhiano, nikapekua, na kila nilipokuta kifo katika zamu yake nilisimama nikajiuliza maswali. Nilipokuta kifo katika zamu ya mwingine, nilikumbuka kwamba mgonjwa yule alikuwa mahututi tangu alipoletwa, nikafungua ukurasa unaofuata. Mwishoni orodha yangu ilionyesha kwamba vifo vyote vya kutia shaka vilimkuta yeye kazini, nami nikashangaa kama mvuvi anayeshangaa kukuta samaki katika wavu alioutega mwenyewe. Msinicheke, nilijiona mtaalamu wa takwimu, na alama zangu za hesabu za kidato cha nne naomba zisifukuliwe.

Kosa halikuishia kwenye orodha. Katika maelezo yangu niliandika kwamba dada yule alikuwa na tabia ya kukaa muda mrefu kando ya vitanda vya wagonjwa walio hoi, hata zamu yake ikiwa imekwisha. Jambo hilo lilikuwa kweli, ila miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimelitaja jambo hilo hilo nilipompendekeza kwa barua ya pongezi. Nilichokiona hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba nilikuwa nimeambiwa nani anashukiwa. Wenzangu nao waliandika maneno yanayofanana na yangu, maana sote tulikunywa chai katika chumba kimoja, na kamati ikayapokea kama mashahidi kadhaa wanaoafikiana, wakati kwa hakika ulikuwa uvumi mmoja uliotiwa sahihi na watu wengi. Hakuna aliyehesabu alikuwa akifanya kazi usiku mara ngapi. Alikuwa akizibeba zamu za wenzake kwa sababu alikuwa akisomesha wadogo zake, na anayelala wodini kuliko wengine atakutana na vifo kuliko wengine.

Nilipoingiwa na wasiwasi nilimwendea mjumbe mmoja wa kamati, msomi mwenye shahada za kuning'inizwa ukutani, naye akaniambia: "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Methali hiyo inafaa sana kwenye kibao cha mbuzi, jikoni, pale watu wanapojadili nani atamwoa nani. Kuitumia kama kipimo cha ushahidi dhidi ya binadamu ni uvivu uliovaa kanzu ya hekima, na hadi leo nikikumbuka alivyotabasamu akiitamka napandwa na hasira. Baadaye ilionekana kwamba wodi yetu ilikuwa imeanza kupokea wagonjwa mahututi wa rufaa kuliko zamani, na shauri likafungwa kwa barua fupi isiyo na neno la radhi. Dada alikuwa amekwisha kurudi kwao.

Ukidhani haya ni ya hospitali zetu tu, soma kesi ya Lucia de Berk, muuguzi wa watoto katika jiji la The Hague, Uholanzi. Mnamo Septemba 2001 alifariki mtoto mchanga ambaye kifo chake kwanza kilichukuliwa kuwa cha kawaida; baada ya wafanyakazi kuzungumza juu ya muuguzi yule, siku iliyofuata kikageuka kuwa si cha kawaida. Hospitali ikarudi nyuma kutafuta matukio mengine ya kutia shaka huku jina lake likiwa mezani, na hospitali nyingine alikowahi kufanya kazi zikafanya vivyo hivyo. Katika wodi ya watoto zilihesabiwa zamu 1,029, ambazo 142 zilikuwa zake, na matukio yote 8 yakaangukia humo. Mtaalamu aliyeitwa akaunganisha hesabu hiyo na za wodi mbili za hospitali nyingine, akakokotoa kwamba uwezekano wa yote hayo kutokea kwa bahati tu ni 1 kati ya milioni 342. Mwaka 2003 alihukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 2004 mahakama ya rufaa ikaongeza idadi ya mauaji hadi 7.

Sasa tazama kilichokuwa chini ya namba ile kubwa. Tukio lilipewa jina la "kutia shaka" kwa sehemu kwa sababu yeye alikuwapo, kwa hiyo kumkuta yeye katika matukio hayo hakukuthibitisha chochote. Katika miaka mitatu kabla hajafika, wodi ile ilikuwa na vifo 7. Katika miaka mitatu aliyokuwapo vilikuwa 6. Muuaji anafika na vifo vinapungua! Wanatakwimu waliopitia upya hesabu zile, akiwemo Richard Gill wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walionyesha kwamba ukizingatia tofauti za kawaida kati ya muuguzi na muuguzi, uwezekano ule unakuwa mkubwa mno kuliko ulivyoelezwa.

Mashahidi nao hawakuwa na hali nzuri zaidi. Mahabusu mmoja aliyekuwa naye katika kituo cha uchunguzi wa akili alidai kwamba Lucia alimweleza jinsi alivyowatoa watu 13 katika mateso yao. Kwenye rufaa mtu huyo akakiri kwamba alilitunga. Shajara ya Lucia, aliyoandika humo kuhusu kushindwa kujizuia kufanya jambo la siri, ilisomwa kama ungamo la muuaji, ilhali mwenyewe alieleza kwamba jambo lenyewe lilikuwa kuwapigia wagonjwa ramli ya karata za tarot. Hata dawa ya moyo ya digoksini, iliyosemwa kuwa ndiyo sumu aliyopewa mtoto yule, ilipopimwa tena kwa njia makini zaidi haikuthibitisha sumu yoyote. Daktari Metta de Noo na kaka yake, mwanafalsafa Ton Derksen, ndio waliosukuma kesi ifunguliwe upya. Lucia aliachiliwa Aprili 2008 baada ya zaidi ya miaka sita kizuizini, akiwa amekwisha kupata kiharusi, na tarehe 14 Aprili 2010 mahakama ya Arnhem ikamwona hana hatia. Upande wa mashtaka wenyewe ulikuwa umeomba aachiliwe.

Wapo wauguzi walioua kweli, nami simtetei mwenzako kwa kuwa simjui. Ninachokipinga ni utaratibu wa kuanza na mtu kisha kutafuta vifo vya kumvika. Kanuni yangu ni moja na nitairudia hadi mnichoke: kila kifo kiamuliwe kivyake, na mtu asiyejua nani alikuwa zamu, kabla jina lolote halijatajwa. Kifo kikionekana kuwa mauaji kwa ushahidi wa mwili, wa dawa na wa faili, hapo ndipo jedwali la zamu linakuwa na maana. Kabla ya hapo linaonyesha ratiba ya kazi tu.

Kuhusu mahakama: Sheria ya Ushahidi ya Tanzania haidai idadi maalumu ya mashahidi, kwa hiyo wingi wenu si uzito. Inadai pia kwamba ushahidi wa mdomo utoke kwa aliyeona au kusikia mwenyewe, na hapo maneno ya chumba cha chai yanabaki mlangoni. Ushahidi wa kimazingira, ambao ndio ulio nao wewe, una kipimo kinachotumika Afrika Mashariki tangu kesi ya Simon Musoke ya mwaka 1958: mambo yaliyothibitishwa lazima yasipatane na kutokuwa na hatia, na yasiwe na maelezo mengine yoyote ya busara. Jiulize kama jedwali lako linavuka hapo, wakati hata idadi ya zamu zake za usiku hujaiweka. Wakili ukimpata, nenda naye.

Usifiche kitu. Rudi kwenye rejista na uorodheshe vifo vyote vya wodi kwa kipindi hicho, pamoja na vile vya miaka iliyotangulia, bila safu ya jina la muuguzi, na orodha ya zamu za kila mmoja iwe karatasi ya pekee. Katika maelezo yako andika ulichokiona kwa macho yako, na utaje wazi ni lini ulianza kusikia kwamba anashukiwa, ili msomaji ajue yapi uliyaona kabla na yapi uliyakumbuka baadaye. Na kama jedwali limekwisha kumfikia mpelelezi, mwandikie leo umweleze vifo hivyo vilichaguliwaje na nani aliyevichagua.