Kabla hujalipia alevini wa "triploidi" Bukavu

Wafugaji wenzangu wa Bukavu, Kabare na Walungu, siku hizi ukitaka kupandisha bei ya alevini, yaani vifaranga vya samaki, unasema tu "hawa ni triploidi", yaani samaki tasa wasioweza kulijaza bwawa kwa vitoto. Mnunuzi anatikisa kichwa, dola zinatoka. Nimefuga tilapia na kambale muda wa kutosha kuona kwamba mara nyingi waliomo mfukoni ni tilapia wa kawaida waliolishwa homoni.

Tilapia wa homoni hupewa chakula chenye metiltestosteroni wiki 3 au 4 za mwanzo, na karibu wote huwa madume. Kromosomu zao, zile nyuzi za urithi ndani ya chembe, hazijaguswa: ni 44, seti mbili. Dume huyo akikutana na jike, wanazaa. Triploidi ana seti tatu, yaani kromosomu 66, na kazi hiyo hufanyika kwenye yai, si kwenye chakula. Yai likisharutubishwa bado lina seti moja ya ziada ambayo hulitoka baada ya muda mfupi. Ukilishtua wakati huo kwa baridi, joto au mgandamizo mkubwa, seti hiyo inabaki ndani. Kwa kambale, njia inayojulikana ni kuyatia mayai kwenye maji ya digrii 5, dakika 3 hivi baada ya kuyachanganya na mbegu za dume, na kuyaacha humo kama dakika 40. Seti zikiwa tatu haziwezi kujipanga mbili mbili, ndiyo maana samaki huyo ni tasa.

Lakini usidhani kila mwenye seti nyingi hazai. Wale barbus wakubwa wa Ziwa Kivu na mto Ruzizi, jenasi ya Labeobarbus, wana seti sita, kromosomu kama 150, na wanazaliana bila shida, maana sita inagawanyika kwa mbili. Kuna hata samaki wa Asia, Carassius gibelio, wenye seti tatu, majike wanaozaa majike watupu: mbegu ya dume wa aina nyingine inaliamsha yai tu, haiachi urithi. Huyo si wa mabwawa yetu, kwa hiyo muuzaji asijifiche nyuma yake.

Mimi huanza na swali la wazazi. Muuzaji akikuonyesha bwawa la wazazi na kudai nao ni triploidi, funga mfuko wako uende zako. Kisha muulize mayai aliyapataje. Tilapia jike hubeba mayai mdomoni, tena machache, na majike hawatagi wote siku moja. Kuziwahi zile dakika kwa mayai ya kutosha biashara ni kazi ngumu sana. Kambale ni afadhali, maana jike mmoja anakamuliwa maelfu ya mayai kwenye beseni kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo triploidi wa kambale naweza kumsadiki mtu. Wa tilapia, anionyeshe.

Na kuonyesha kunawezekana hapa hapa mjini. Chembe nyekundu za damu ya samaki, tofauti na zetu, zina kiini. Chukua tone la damu mkiani, lipake jembamba kwenye kioo cha maabara, likikauka mpelekee laborantini anayepima malaria. Rangi ya Giemsa anayo, hadubini anayo. Mpe pia damu ya tilapia ambaye una hakika ni wa kawaida. Viini vitaonekana vya zambarau, duaradufu. Vya triploidi ni vikubwa na virefu zaidi. Laborantini wa kwanza niliyempelekea alidhani namtania, mpaka alipoinama kwenye hadubini akaanza kuita wenzake. Pima samaki kadhaa, maana mshtuko haushiki mayai yote, na tilapia wachache wanaozaa wanatosha kulijaza bwawa.

Wanaoahidi samaki mkubwa mara mbili wanauza maneno. Katika baadhi ya majaribio, kambale triploidi waliopimwa kando ya wa kawaida hawakuwapita kwa kukua.

Kwa bwawa dogo la Kabare, ambako maji ni baridi na tilapia huanza kuzaa wakiwa bado wadogo, mimi hununua madume wa homoni kwa bei ya madume wa homoni, nikaongeza kambale wachache wa kula vitoto vitakavyopenya. Kambale hao waingie wakiwa wadogo kuliko tilapia, la sivyo wataanza na hao uliowanunua.