Charmander Peke Yake Hafiki Mbali

Juzi usiku dada mmoja wa Morogoro kaniandikia mistari mitatu. "Shikamoo kaka. Nimeanza FireRed na Charmander, leo siku ya nne niko kwa Brock tu. Nataka nifute nianze upya na yule wa maji." Nikacheka peke yangu hadi mke wangu akageuka kuniangalia. FireRed ni mchezo wa Pokémon, wa kukamata wanyama wa ajabu na kuwapiganisha; Charmander ni mmoja wa wanyama hao, na Brock ni bosi wa jimu la kwanza, yaani ukumbi wa mapambano. Siku nne! Mimi pale nilikaa wiki mbili.

Ilikuwa 2006, Tanga, nipo darasa la saba na mtihani uko mlangoni. Mjomba alirudi kutoka Muscat akatuletea Game Boy Advance SP ya mtumba, ile ya kukunja, rangi ya fedha, kona moja imechubuka. Ndani yake kaseti ya Pokémon FireRed. Tulipewa wawili kwa pamoja, mimi na binamu yangu, mtoto wa mjomba huyohuyo, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, nitaufikia. Kiingereza chetu kilikuwa cha kuungaunga, kwa hiyo maandishi yakitokea tulibonyeza kitufe cha A mpaka yapite. Profesa Oak, mzee anayekupa mnyama wa kwanza, alituhutubia weee, hatukuambulia hata neno. Tukafika kwenye meza yenye mipira mitatu: Bulbasaur wa majani, Charmander wa moto, Squirtle wa maji. Nani atamwacha mjusi ambaye mkia unawaka? Nikambeba, nikampa jina CHUMA.

Hesabu yangu ilikuwa ya kitoto: ninaye mmoja mkali, wengine wa nini? Pidgey na Rattata wa njiani niliwachapa tu, sikukamata hata mmoja. Mipira mitano ya kukamatia aliyonipa Oak niliitunza kama pesa ya mahari. Nikapenya msitu wa Viridian, nikafika Pewter, nikaingia jimu nikitembea kifua mbele.

Brock akaanza na Geodude, jiwe lenye mikono, levo 12. Nikampiga Ember, pigo la moto. Damu yake ikashuka kipande chembamba kama ukucha. Nikampiga Scratch, pigo la kucha, hali ileile. Kwa mbinde nikamwangusha, akaletwa Onix wa levo 14, nyoka wa mawe aliyejaa kioo. Pigo moja la mawe, Rock Tomb, CHUMA chali. Kioo kikaingia giza, nikajikuta Kituo cha Pokémon, hospitali yao, na hela zimepungua.

Hela ndizo ziliniuma. Tangu hapo nikajifanya mjanja: nikiona nimezidiwa nazima mashine kabla sijapoteza senti, nawasha, naanza tena pale nilipokuwa nimesevu. Wiki mbili za hivyo. Binamu yuko nyuma yangu anakula embe, anahesabu kwa sauti: "Kumi na nane. Kumi na tisa." Nikimwambia anyamaze anasema anasoma hesabu.

Sasa ona ujinga wenyewe. Kila nikizima, na ile nguvu ya uzoefu aliyoipata CHUMA kwa kumwangusha Geodude inafutika. Alikuwa levo 11, akabaki levo 11 kama mtoto anayekariri darasa. Na Charmander wa FireRed akifika levo 13 anajifunza Metal Claw, pigo la chuma, na chuma kinapasua mwamba. Levo mbili tu! Nimekaa wiki mbili nagonga mlango ambao funguo yake nimeishika mkononi, na jina la funguo nilishampa mwenyewe siku ya kwanza.

Kwa hiyo dada yangu, marahaba, na usifute.

Rudi nyuma hadi mji wa Viridian, toka kwa upande wa magharibi, njia namba 22. Kwenye nyasi za pale yupo Mankey, nyani mdogo wa aina ya ngumi. Mkamate. Mipira ni 200 kila mmoja pale dukani, usiionee uchungu. Mpandishe levo chache atajifunza Low Kick, na hilo pigo kwenye FireRed linaumiza kulingana na uzito wa anayepigwa. Onix ana kilo 210. Sina la kuongeza. Huko pia kuna yule mpinzani wako anavizia vita, basi pita Kituo cha Pokémon kwanza, matibabu ni bure.

Na msituni mkamate Caterpie. Najua, funza, unamdharau, hata mimi nilimdharau. Levo 7 anakuwa gamba lisilojua kupigana, levo 10 anakuwa Butterfree na anapata Confusion, na mawe ya Brock hayana kinga ya maana kwa pigo la akili. Akifika levo 15 anakupa Sleep Powder. Kuanzia hapo kukamata kunakuwa mchezo wa kitoto: unamlaza mnyama usingizi, unampunguza damu bila kumuua, unatupa mpira. Aliyelala anakamatika mara mbili zaidi ya aliye macho. Watu wanatupa mipira kumi kwa mnyama mwenye damu kamili halafu wanalalamika wameonewa.

Dhaifu unamlea hivi: mweke wa kwanza kwenye foleni, vita ikianza mtoe, ingiza mkubwa amalizie. Uzoefu wanagawana, ilimradi asianguke. Mimi hii nilionyeshwa na mtoto wa jirani, wa darasa la nne, akiwa amekaa kwenye ndoo. Sikumshukuru. Nilijifanya najua.

Kama unataka haraka kweli, nenda kwenye mpangilio, kasi ya maandishi weka ya juu kabisa, picha za vita zima. Chukua Potion iliyomo kwenye kompyuta ya chumbani kwako kabla hujatoka nyumbani. Na usizunguke sana kabla ya Brock, maana viatu vya kukimbilia unapewa baada ya kumpiga, ukiwa unatoka Pewter. Kabla ya hapo unatembea kama bibi harusi.

Ila haraka yenyewe ndiyo iliyonimaliza, nikuambie ukweli. Vijana mnaniandikia kila wiki mnataka njia ya mkato, nani mkali, nimchukue nani, nimalize lini. Mnataka mmoja wa kuwabeba wote. Hayupo! Anayewaka moto atakutana na maji, wa maji atakutana na umeme, na yule mwanajeshi wa jimu la tatu mwenye Raichu wa umeme atawakaanga wote msipokuwa na Diglett, fuko wa ardhini ambaye umeme haumshiki, naye yupo pangoni, hatua chache kutoka mlangoni kwake. Jibu liko jirani na tatizo, lakini unapita mbio huku unabonyeza A.

Kubonyeza A. Hapo ndipo panaponiuma hadi leo. Nilikuja kumpiga Brock, nikafika beji sita, moja kwa kila bosi wa jimu, CHUMA amekua akawa Charizard, joka la moto. Siku moja natoka tuisheni, namkuta binamu barazani na mashine, yuko kwenye ile meza yenye mipira mitatu. Kaseti ya FireRed inahifadhi mchezo mmoja tu. Ameanza mpya, amesevu. Mpaka leo, mtu mzima mwenye watoto, anaapa hakujua. Mchezo unakuonya kabla, unakuambia safari ya mwenzako itapotea pamoja na Pokémon wake wote. Unaonya, jamani! Yeye akabonyeza A mpaka yapite. Na nani alimfundisha kubonyeza A?

Tulinuniana hadi Idi. Nimesamehe, kwa kiasi.

La mwisho, maana huyu dada kanijibu asubuhi hii. Alimkamata Mankey, Brock kaanguka mara ya kwanza tu, anakaribia Mt. Moon. Anauliza kuhusu yule mzee aliye ndani ya Kituo cha Pokémon pale karibu na mlima, anayeuza samaki Magikarp kwa 500. Ni tapeli?

Mimi nilimnunua, 2006. Samaki hajui lolote isipokuwa Splash, anarukaruka tu, Tackle, pigo la kugonga, anaipata levo 15. Nikamvumilia mpaka levo 9, binamu anacheka mpaka anashika tumbo, nikaona aibu nikamwachia huru. Hata kwenye sanduku la kuhifadhia wanyama sikumweka. Levo 20 Magikarp anageuka Gyarados, joka kali la maji, na Gyarados hana wa kumcheka.

Nikamwandikia dada: nunua, mweke wa kwanza kwenye foleni, mtoe kila vita, usimjali anayecheka. Amenunua. Amempa jina langu.