Mtafute mtu wa takwimu kabla hujamgusa mgonjwa wa kwanza

Juzi nimepata meseji ya dada mmoja yuko mwaka wa mwisho udaktari, anasema kaka nimeshamaliza kukusanya data za wagonjwa 60, sasa nifanye analisisi gani? Nilishtuka, maana meseji kama hiyo niliwahi kuiandika mimi mwenyewe.

Utafiti wangu ulikuwa wa unene na presha. Miezi saba nawahi kliniki alfajiri, namuelezea mgonjwa mmoja mmoja, anasaini fomu ya ridhaa, napima, naandika, anayefuata. Siku ya kudifendi mama mmoja kwenye jopo, wala sauti hakupandisha, akaniuliza, "Mwanangu, wale wenye mikono minene uliwapima kwa kafu ipi?" Nikaganda. Kafu, yaani ule mkanda wa kuzungushia mkononi, ilikuwa moja tu, ile iliyokuja na mashine. Na kafu ikiwa ndogo kwa mkono mkubwa presha inasoma juu kuliko ilivyo, yaani ule uhusiano niliokuwa najivunia sehemu yake ilikuwa kafu tu. Akaendelea, walipumzika dakika ngapi? Ulipima mara ngapi? Mara moja, na wengine walikuwa wametoka kupanda ngazi muda huo huo.

Nikakimbilia kwa mtu wa takwimu nikiamini kuna fomula ya kuniokoa. Hakuna. Akaniambia Ronald Fisher, mtakwimu maarufu wa Uingereza, alishalisema hilo mwaka 1938, kwamba ukimuita mtakwimu jaribio limeshaisha unamuita apasue maiti, labda atakwambia tu kilichoua. Iliniuma sana. Ila kinachoniuma mpaka leo ni supavaiza wangu, alisaini propozo ukurasa kwa ukurasa halafu siku ile akainamia simu yake kama hanijui.

Nikarudia. Kwanza kamati ya maadili, maana njia ya kupima ikibadilika lazima wapitishe upya, huanzi tu kienyeji. Nikatafuta kafu za saizi tatu, kila mtu namzungushia futi mkononi kwanza, anakaa kimya dakika tano, napima mara mbili. Nilianza na watu kumi wa majaribio na hao kumi ndo walinifundisha kuliko darasa lolote, kwa mfano kwenye dodoso niliuliza "unatumia dawa za presha?" wengine wakajibu hapana, kumbe wanazo nyumbani ila asubuhi hiyo hawakumeza! Nikaligawa swali mara mbili. Uhusiano bado ulionekana, ila mdogo kuliko nilivyotangaza mwanzo, na mwezi huu jarida limeikubali makala. Nimelia kwa furaha, sifichi.

Jamani wadogo zangu, mgonjwa anakupa mkono wake na muda wake na mara nyingi yeye hapati kitu. Azimio la Helsinki la mwaka 1964, ule mwongozo wa madaktari duniani wa maadili ya utafiti kwa binadamu, halitaki saini ya ridhaa peke yake, linataka na utafiti wenyewe ufuate misingi ya sayansi. Ukimpima ovyo umemkosea hata kama alisaini. Kwa hiyo nenda kwa mtu wa takwimu na propozo mkononi, mwambie unataka kujua nini, yeye akuulize utapima na nini, nani atapima, na wagonjwa wangapi wanatosha na kwa nini. Nenda mapema. Narudia, mapema.

Na wewe dada, hao 60 usiwatupe kwanza. Nitumie dodoso tupu, bila jina la mgonjwa hata mmoja, na uniandikie ulitumia kifaa gani na nani alikishika. Tutaanzia hapo.